Neno Jekundu Chini ya Jina la Mama Springi

Neno lilikuwa moja tu, jekundu, limekaa chini ya jina lake kama doa la mafuta kwenye kitambaa cheupe. MDANGANYIFU. Mama Springi alilisoma akiwa amesimama, akavuta kiti, akalisoma tena akiwa amekaa, maana huenda ukilitazama kwa chini likawa jingine. Likawa lilelile. Akamwita mumewe.

"Baba, hebu njoo unisomee hapa."

Mumewe aliweka chini kisu cha kukatia sponji, akaja akijipangusa vumbi la sponji kwenye nyusi, akasogeza uso kwenye kioo cha kompyuta.

"Mdanganyifu," akasema.

"Nani?"

"Si wewe? Jina lako hilo hapo juu."

"Nimemdanganya nani?"

"Hapo hawajaandika."

Sasa, mtu anaweza kuuliza kwa nini mwanamke mzima, mwenye wajukuu, fundi sofa anayejulikana mtaa mzima, atetemeke midomo kwa sababu ya neno lililoandikwa kwenye mchezo wa kompyuta. Anayeuliza hivyo hajawahi kupeleka kiti kwa Mama Springi. Unampelekea sofa lililobonyea katikati, analivua kitambaa mbele ya macho yako na kukuonyesha uchafu alioshindilia fundi aliyetangulia: maboksi, magunia, shuka za hospitali, siku moja suruali nzima yenye mkanda wake. Yeye ndani anaweka kile alichokwambia ataweka. Na kabla hajafunga mgongo wa kiti kwa stepla, anakuita uje uchungulie. Ukisema una haraka, atakusubiri. Ukisema unamwamini, atakwambia kuamini ni kwako, kuchungulia ni kwake. Mumewe ameshamweleza mara nyingi kwamba hakuna mtu anayekagua matumbo ya sofa. Yeye hujibu kwamba ndiyo maana mafundi wanatia suruali.

Jioni, wakishafagia karakana, Mama Springi hucheza Walinzi wa Lango. Usicheke. Mchezo huo uliletwa na mwanawe wa mwisho, aliyeucheza likizo moja, akauchoka, akaondoka kwenda kutafuta maisha. Mchezo ukabaki kwenye kompyuta ya karakana, na mama yake akabaki na mchezo. Kuueleza ni rahisi: watu watatu wanalinda lango, watatu wanalivunja, kila mmoja ana rungu, ngao na kipaza sauti cha kuwatukania wenzake. Enzi zake ulichezwa na dunia nzima. Baadaye ukatoka mchezo mwingine wenye ngao zinazomeremeta zaidi, watu wakahama, na upande wetu huu wakabaki wachache kiasi kwamba ukiwaalika chai wote huna haja ya kuazima vikombe.

Na hapo kwenye uchache ndipo wenye mchezo walipoanza kuwafanya watu wajinga.

Ukibonyeza TAFUTA MECHI linatokea duara linalozunguka, na mtambo unakutafutia wenzako wa kiwango chako walio karibu. Ukiwakosa, haukwambii kistaarabu, "Mama, leo hakuna watu." Thubutu. Unakuokota na kukutupa kwenye seva ya upande wa pili wa dunia, kwa watu ambao huko kwao ndio kwanza wanapiga mswaki, kisha unakuandikia kwa maringo: MECHI IMEPATIKANA. Imepatikana kweli. Ni kama umemtuma mtu chumvi, akarudi na baiskeli, akadai umpongeze.

Huko ulikotupwa, unakwama. Unainua rungu, rungu linatafakari. Unamwona adui amesimama mbele yako, unamtandika, kumbe alishaondoka zamani na wewe unapigana na picha yake iliyochelewa kufika. Mwenyewe yuko nyuma yako anakutwanga, na marungu yake utayapokea yote kwa mkupuo, ukiwa umeshalala chini. Halafu picha inaganda. Halafu mtandao unakatika. Ukirudi unakuta umepewa adhabu ya utoro, eti umewakimbia wenzako vitani. Yaani mtu anakufunga jiwe mguuni kwa mikono yake, kisha anakuchapa kwa kuchelewa.

Mama Springi alijaribu kila kitu. Alinunua waya mrefu, akaihamisha ruta kutoka kabatini hadi dirishani na kuifunga kwenye nondo kwa uzi wa kushonea ngozi. Akampiga marufuku mumewe kutazama mpira kwenye simu wakati yeye yuko langoni. Rungu likaendelea kutafakari. Aliwaandikia wenye mchezo kuwaomba jambo dogo tu, kwamba wakikosekana watu wa karibu mtambo useme hivyo na umwache mtu akapike. Wakamjibu azime ruta, kisha aiwashe.

Aliyepata dawa ni Kreni. Huyu ni mwendesha kreni kwenye majengo marefu, mtu anayeshinda juu peke yake na kwa hiyo akishuka huwa na maneno ya siku nzima. Aliwakusanya waliobaki kwenye kundi moja la simu: Mama Springi, Sista ambaye ni muuguzi wa wodi ya wazazi, Ticha ambaye ni mwalimu wa hesabu, na mapacha wawili vinyozi. Pamoja na yeye wakawa sita, mechi kamili. Jioni kila mtu akishakaa mahali pake, Kreni anatuma sauti yake ile ya kuamrisha vyuma: "Jamani, vidole tayari. Tatu, mbili, moja, bonya." Wote wanabonyeza kwa pamoja. Mtambo ukifumbua macho unakuta watu sita wako karibu, kiwango kimoja, hauna sababu ya kumtupa mtu popote. Unawagawa wenyewe, watatu huku, watatu kule. Na rungu linatua pale ulipolipeleka.

Basi. Hiyo ndiyo hila yao nzima. Nani awe upande wa nani waliuachia mtambo. Kuhusu kuachiana ushindi, anayewaza hivyo hajawahi kumsikia Sista akiwa anakuja na rungu.

"Mama Springi, leo nakuzalisha bila ganzi."

"Njoo tu, mwanangu. Nikubadilishe sponji ya kichwani, hiyo yako imeshabonyea."

Hawakuwa wamewahi kuonana ana kwa ana, hawa wawili, na walikuwa wametwangana kwa miaka. Kila mmoja alijua namna mwenzake anavyopumua akikaribia kushindwa.

Turudi kwenye neno jekundu. Lilikuja na maelezo, na maelezo yenyewe yaliandikwa kwa ile lugha laini inayotumiwa na watu wanaokutia kitanzi huku wakikurekebishia kola. Mtambo wetu wa Haki, walisema, umebaini kwamba umekuwa ukikutana na wachezaji walewale, wakati uleule, kupita kawaida, na matokeo yenu ni ya kupokezana. Hizi ni dalili za kupanga matokeo.

Walewale. Walitaka wawe wepi wengine? Watu wenyewe ndio hao, wengine walishahama. Eti matokeo ya kupokezana. Miaka yote kampuni hiyo inajipiga kifua kwamba mtambo wake unakutanisha watu wa nguvu sawa ili pasiwe na mmoja wa kushinda kila siku. Mtambo haujawahi kuifanya kazi hiyo upande wetu hata siku moja. Watu sita wakaja kuifanya kwa vidole vyao, bila mshahara, wakaifanya vizuri, na kwa kuifanya vizuri wakakamatwa.

Chini ya maelezo palikuwa na vitufe viwili. NAKUBALI KOSA: neno linafutwa papo hapo, karibu tena mchezoni. NAPINGA: akaunti inafungwa mpaka shauri lisikilizwe, na neno linabaki mahali pake, kila atakayetafuta jina lako alione.

"Bonyeza hicho cha kwanza tukale," alisema mumewe.

"Nikubali kosa gani?"

"Lolote. Mama, huu ni mchezo."

"Mchezoni watu wanaitana punda. Nimeitwa punda, nimeitwa kopo, yule kinyozi mdogo aliniita kiti cha plastiki, nikacheka. Hili ni neno la mahakamani."

"Hata hivyo chakula kinapoa."

"Kipoe."

Akabonyeza NAPINGA kwa kidole kile anachotumia kusukumia sindano kubwa, akainuka, akaenda kula chakula cha baridi. Mumewe, aliyeishi naye muda wa kutosha, hakuuliza chumvi iko wapi. Akaitafuta mwenyewe.

Neno lile waliandikiwa wote sita. Kwenye kundi la simu mambo yalichafuka usiku huohuo. Ticha alisema amepiga hesabu na kuona kukubali ndiyo njia fupi. Akakubali. Pacha mmoja akakubali kwa bahati mbaya, kidole kiliteleza. Wa pili akakubali kwa sababu wa kwanza amekubali, na hao wamekuwa hivyo tangu tumboni. Wakabaki watatu: Mama Springi, Kreni na Sista.

"Mimi mume wangu mwenyewe sijawahi kumwomba radhi kwa kosa nisilofanya," alisema Sista kwa sauti iliyotoka wodini, vitoto vikilia nyuma yake. "Ndio nikaiombe kompyuta?"

Wale waliokubali walirudi mchezoni kesho yake, safi kabisa, bila doa, na bila mtu wa kucheza naye. Watatu si sita. Duara likazunguka, likachoka, likawatupa ng'ambo. Ticha alituma sauti ya kinyonge kwamba amekufa kabla hata lango halijatokea kwenye kioo chake. 

Lakini ubaya hasa ulikuja baadaye. Wale waliokuwa wamepinga waliletewa taarifa mpya: Wachezaji wenzako katika mechi husika wamekiri. Tunakushauri nawe ukiri.

Hapo Mama Springi alikuja juu hasa. Kumbe kile kitufe cha kumaliza mambo haraka kilikuwa kinakusanya mashahidi. Kidole cha pacha kiliteleza, na mtelezo huo sasa ni ushahidi dhidi ya bibi wa watu anayeganga sofa. Akaandika barua ndefu kwa kampuni, sentensi moja baada ya nyingine kama anagongomea misumari. Aliwaeleza kwamba wako wachache. Aliwaeleza habari ya kubonyeza kwa pamoja na sababu yake, hakuficha kitu, maana huyo ndiye yeye, alikuwa anawafungulia mgongo wa kiti wachungulie. Jibu lilirudi kabla hajainuka kitini. Asante kwa kuwasiliana nasi. Tunajali hisia zako. Maelezo yako ya kushirikiana na wengine kuingia kwenye mechi yamepokelewa na kuongezwa kwenye ushahidi.

 Mumewe alizima feni ili amsikie vizuri akianza kulalama, lakini hakuanza.

Aliyemwasha upya ni mwenye hoteli. Huyu bwana alikuwa ameleta viti vya ukumbi wake wote, kazi ya mwezi mzima. Siku moja mchana akaja na tochi. Ndiyo, tochi, mkononi.

"Fundi, hamjambo? Nimeona nipite nichungulie ndani kabla hujafunga."

Mama Springi alimtazama. Mteja huyu, kila alipoitwa kuchungulia, alikuwa akipunga mkono na kusema ana wageni.

"Leo umepata nafasi," akasema.

"Aa, si unajua watoto." Mwenye hoteli akacheka kidogo, akijaribu kufanya jambo liwe dogo. "Huyu wangu anacheza michezo hii ya mitandaoni. Alikuona mahali, akaniambia, baba, yule fundi wako wa sofa ameandikwa tapeli. Nikamwambia, wewe, acha upuuzi."

"Ukamwambia aache upuuzi, ukachukua tochi."

"Si kwa ubaya, fundi."

"Chungulia."

Akachungulia. Alipiga magoti akamulika kiti baada ya kiti, akakuta springi, mikanda inayozibeba na sponji, vile alivyoambiwa, akainuka akijipangusa magoti na kusema kazi safi. Mama Springi aliitika vizuri tu, akamsindikiza hadi mlangoni. Aliporudi alikaa juu ya kiti kimoja cha hoteli, mikono mapajani.

"Miaka yote nawaita waje waone, hawaji," alimwambia mumewe. "Leo kaja bila kuitwa."

 Mumewe alikuwa anataka kusema habari ya kile kitufe cha kwanza. Akarudi kukata sponji.

Tangu siku hiyo haikuwa tena habari ya kucheza. Kucheza angeweza kuacha, aliwahi kuacha hata sukari. Alitaka neno litoke, na litoke kwa kukiri kwamba waliolibandika ndio waliokosea. Kila mteja aliyeingia, alimpima macho kwanza kama ana tochi.

Nafuu ilikuja kutoka mahali pasipotarajiwa, kama huwezi kuihesabu njaa ya kampuni kuwa ni kitu cha kutarajiwa. Wenye mchezo walikuwa wanatafuta tajiri wa kuwanunua. Ili kumwonyesha kwamba mchezo uko hai, waliandaa sherehe ya kurusha moja kwa moja mechi kutoka kila upande wa dunia. Kwenye majaribio, walipofika upande wetu wakabonyeza, duara likazunguka. Likazunguka. Walikuwa wamewafungia wachezaji wao wenyewe nje, na sasa wanashangaa kwa nini nyumba haina watu.

Basi wakamtuma Meneja wa Furaha ya Wachezaji. Hicho ndicho cheo chake, sijakitunga. Kiliandikwa kwenye fulana yake. Kijana msafi, mpole, mwenye begi la mgongoni, alipiga simu siku moja kabla kuuliza kama anaweza kupita karakana alasiri. Mama Springi akawapigia Kreni na Sista.

Sista alifika kwanza, bado amevaa viatu vyake vyeupe vya kazini. Wakatazamana mlangoni.

"Kumbe wewe ndiye mfupi hivi," alisema Mama Springi.

"Rungu langu ni refu. Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Ingia, muuaji wangu."

Kreni akaja nyuma yake, ameinamisha kichwa mlangoni ingawa mlango ulikuwa na nafasi ya kutosha. Meneja wa Furaha alipoingia alikuta viti vyote vimekaliwa, isipokuwa sofa moja lililokuwa mikanda mitupu. Akaketi hapo. Akazama mpaka magoti yakamfikia kidevuni.

"Pole, hilo bado halijatiwa sponji," akaambiwa.

"Haina shida, Mama." Alijaribu kujiinua, akaamua kubaki. "Kwanza niwape pole kwa uzoefu mliopitia."

"Uzoefu gani?"

"Huu wa, wa lile neno."

"Lisome. Liko hapo kwenye kioo."

"Nalijua, Mama."

"Lisome, mwanangu, nilisikie likitoka mdomoni mwa mtu. Mpaka sasa nimeitwa na mashine tu."

Meneja akakohoa. "Mdanganyifu."

"Umeona lilivyo zito? Haya, sema ulilojia."

Akasema. Leo jioni kuna mechi ya kurushwa dunia nzima. Wanahitaji sita. Wale watatu waliokubali wako tayari majumbani mwao. Hawa watatu watafunguliwa akaunti kwa ajili ya sherehe, wacheze, furaha irudi. Alikuwa amelieleza vizuri, kwa mikono, na angefika mwisho salama kama asingeongeza jambo moja.

"Sasa nikihesabu, naomba mbonyeze wote kwa pamoja. Maana mkibonyeza mmojammoja, mtambo utawatupa mbali, na mtaanza kukwama."

 Mumewe Mama Springi, aliyekuwa anajifanya kupima kitambaa, aliacha kupima.

"Rudia hapo," alisema Sista.

"Mbonyeze kwa..." Meneja akanyamaza. Sura yake ilibadilika taratibu, kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko linawaka. "Naam. Naelewa mnachofikiria."

"Sisi hatufikirii," alisema Kreni. "Tulishaandikwa tayari."

"Mimi binafsi naamini hamna kosa."

"Basi lifute, uandike kwamba mlikosea," alisema Mama Springi.

"Hilo ndilo gumu, Mama. Mfumo hauna kitufe cha kusema tulikosea. Una cha mchezaji kukiri na cha mchezaji kupinga."

"Mfumo kautengeneza nani?"

"Sisi."

"Kitieni hicho kitufe."

"Hiyo ni idara nyingine."

Kreni akacheka kwa uchungu. "Nikiangusha tofali juu ya gari lako, ndugu yangu, nikwambie idara yangu ni ya kuinua?"

Meneja alitazama saa, akatazama kompyuta, akatoa simu. Aliongea na bosi wake kwa sauti ya chini, lakini ukiwa umezama kwenye sofa lisilo na sponji huwezi kuwa na siri, maana huwezi kutoka nje. Walimsikia akisema wamegoma. Walimsikia akisema hapana, si pesa. Walimsikia akisema ni wazee wa heshima, na Sista akakunja uso, hana hata miaka arobaini. Kisha akasikiliza, akaitikia, akasikiliza, na uso ukamkunjuka.

"Tayari," akasema. "Tazameni kioo."

Neno jekundu lilikuwa limeondoka. Mahali pake lilikaa jingine, la kijani kibichi, kijani cha matangazo ya sabuni. AMESAMEHEWA.

Sista akatazama simu yake. Na yeye kijani. Kreni pia. Mumewe Mama Springi alishusha pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishikilia tangu siku ile ya chakula cha baridi.

"Haya," alisema Meneja, na kwa mara ya kwanza alitabasamu kwa meno. "Vidole tayari?"

Hakuna aliyesogea. Mama Springi alikuwa amesogeza uso kwenye kioo, miwani juu ya paji, anasoma kama alivyolisoma lile la kwanza. Alilisoma muda mrefu kwa neno moja.

"Nani aliomba?" akauliza.

"Aliomba nini, Mama?"

"Msamaha. Umeandika nimesamehewa. Aliyesamehewa alikosa. Nilimkosea nani, na nikaomba lini?"

"Mama, ni neno tu la kuondoa lile lingine. Kijani ni zuri. Watu wakiona kijani..."

"Watu wakiona kijani watajua nilidanganya, nikawapigia magoti na nyie mkaniachia. Lile jekundu lilikuwa linasema mmenishtaki. Mtu anaweza kushtakiwa, hata malaika. Hili linasema nimepatikana na hatia." Akaigeuza kompyuta imwelekee Meneja. "Rudisha jekundu."

"Mama," alisema mumewe.

"Baba, kata sponji."

Mumewe akachukua kisu. Hakukata. Alibaki amekishika, na mtu akimtazama vizuri angeona kwamba anajizuia kucheka, au kulia, au vyote kwa zamu.

Meneja alijaribu. Alimweleza kwamba hakuna mtu, katika historia ya kampuni, aliyewahi kuomba arudishiwe adhabu. Alimweleza habari ya sherehe na tajiri. Alimweleza kwamba yeye mwenyewe ana familia. Mama Springi alimsikiliza yote, akamwagizia chai, akamwekea mto mgongoni asiumie na fremu, na kila alipomaliza akamjibu vilevile.

"Rudisha jekundu, mwanangu."

Mwishowe Meneja akapiga simu tena. Safari hii hakushusha sauti.

"Bosi. Ndiyo, wameiona. Hapana, hawajaanza. Mama haitaki rangi ya kijani." Akasikiliza. "Ndiyo, nimemwambia kijani ni zuri. Anataka ileile nyekundu. Hapana, bosi, si mzaha, niko hapa nimekaa kwenye mikanda."

"Na yangu," alisema Sista, akiweka simu yake mezani kifudifudi. "Mwambie na yangu."

"Bosi, wawili sasa."

Kreni aliinua kidole chake kikubwa, kile cha kuhesabia, akakishikilia juu.

"Watatu."

Kwenye meza simu ya Mama Springi ikatoa mlio. Ilikuwa sauti ya Ticha, kutoka kwake, alikokuwa anasubiri amri ya kubonyeza pamoja na mapacha. Alikuwa amesikia habari kutoka kwa Kreni, aliyekuwa ameacha simu yake hewani kwenye kundi muda wote huo. "Mama Springi," Ticha alisema polepole, "hivi mtu akishakubali kosa, anaweza kulikataa?"

Meneja wa Furaha akafunga macho. Upande wa pili wa simu bosi alikuwa anasema maneno mengi kwa haraka, na jioni ya sherehe ilikuwa inaingia dirishani, kupitia nyuma ya ruta.

"Anauliza sababu," Meneja akamwambia Mama Springi, mkono umefunika simu. "Anasema umpe sababu moja tu ya maana ya kukataa kusamehewa."

"Mwambie shauri langu halijasikilizwa bado," alisema Mama Springi. "Mwambie aje alisikilize, niko hapa kila siku, mlango uko wazi. Na akija, aje na tochi."